Je, Wajua? Jina la Mungu limo ndani ya majina ya Warundi

Ukiita watu kwa majina yao mtaani Kinindo, kusini mwa Bujumbura, umemtaja Mungu mara nyingi. Biblia ya Kirundi humwita Imana, jina ambalo Warundi walikuwa nalo kabla ya wamisionari kufika, na wazazi hulifunga ndani ya jina la mtoto.

Katika Mwanzo 16:13, Hajiri, kijakazi aliyekimbilia jangwani akiwa mjamzito, anampa Mungu jina El Roi, Mungu anionaye. Mrundi aitwaye Habonimana amebeba ungamo hilohilo: aonaye ni Mungu. Hakizimana, aokoaye ni Mungu, ni ndugu wa Elisha, jina la Kiebrania lenye maana ya Mungu ni wokovu.

Linalopendeza zaidi ni pale Imana asipotajwa kabisa. Ndayizeye ni “namtumaini”, Ndayishimiye ni “namshukuru”. Silabi “yi” katikati ndiyo inayomwelekea Imana, na kila Mrundi huisikia. Marais wawili wa Burundi wamebeba majina hayo: Domitien Ndayizeye, 2003 hadi 2005, na Évariste Ndayishimiye, aliyeapishwa mwaka 2020.