Kukiri, Kukana na Neno "Ndiyo"

Kukana kosa lililokwisha kukiriwa hudhaniwa kuwa ni jambo la wanasheria peke yao. Hata hivyo, kwa mkazi wa Katuba, mjini Lubumbashi, jambo hilo laweza kuanza katika lugha.

Katika nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza, kama vile Kenya na Tanzania, mshtakiwa husomewa shtaka na kuulizwa kama anakiri au anakana. Akikiri, aweza kutiwa hatiani bila shahidi kuitwa. Kwa hiyo, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Adan ya mwaka 1973, iliagiza kwamba shtaka lielezwe kwa lugha anayoifahamu mshtakiwa, na jibu liandikwe, kadiri iwezekanavyo, kwa maneno yake mwenyewe. Kabla ya kupewa adhabu, aweza kuomba kulibadili.

Kongo ilirithi sheria yake kutoka Ubelgiji. Huko hakuna jibu rasmi la namna hiyo: ungamo ni ushahidi mmoja miongoni mwa mwingine. Mshtakiwa aweza kulikana mbele ya mahakama, naye hakimu hulipima pamoja na ushahidi wote uliopo. Lakini swali halikosi kuzuka: kwa nini anakana leo alilolikubali jana?

Sababu yaweza kuwa neno moja. Chukuliwe mfano wa kubuni wa kijana wa Katuba anayehojiwa kwa Kiswahili, huku mahojiano yakiandikwa kwa Kifaransa katika hati iitwayo PV. Anaulizwa: "Hukuiba baiskeli?" Anajibu: "Ndiyo." Katika Kiswahili, "ndiyo" huthibitisha kauli kama ilivyoulizwa, yaani: ni kweli, sikuiba. Mwandishi akiliweka swali kama "Uliiba?" na kuandika "oui" mbele yake, kanusho limekwisha geuka ungamo, na kijana atatia sahihi asichoweza kukisoma.

Ibara ya 18 ya Katiba ya mwaka 2006 inaagiza kwamba aliyekamatwa aelezwe mashtaka yake kwa lugha anayoielewa. Haki hiyo hubaki nusu ikiwa lugha ya jibu lake haitunzwi vilevile. Mkalimani na aulize bila kukanusha, adai sentensi kamili, "Niliiba" au "Sikuiba", kisha hati isomwe kwa Kiswahili kabla ya sahihi. Ungamo likichukuliwa hivyo, huenda pasiwe na haja ya kulikana.