Kazi Ifanyike Hapa: Kasongo kati ya kamera na mchezo wa mbali

Saa moja ya mchezo wa video unaotiririshwa kutoka kwenye seva ya mbali, kwa kasi ya megabiti 20 kwa sekunde, hula gigabaiti 9 za data. Kwa kiasi hicho hicho mtu angeweza kutuma picha 4,500 za hadubini, kila moja ikiwa na megabaiti 2. Mkazi wa Kasongo au Kabambare anayenunua mega chache chache kulingana na mfuko wake hahitaji kuelezwa ni matumizi gani kati ya haya mawili yaliyo mbali naye. Hata hivyo, bei ni sehemu tu ya tofauti. Kamera ya kidijitali na mchezo unaotiririshwa ni ndugu wa ukoo mmoja wa silikoni na hesabu, lakini wanaachana katika jambo linaloamua faida yao kusini mwa mkoa wa Maniema nchini Kongo, nalo ni mahali kazi inapofanyika. Kamera humaliza kazi yake mkononi mwa mwenye nayo. Mchezo unaotiririshwa hutengenezwa mbali, na kila kidole kinapobonyeza, amri lazima isafiri na jibu lirudi. Nashikilia kwamba eneo lililo mbali na seva, na lisilo na umeme wa uhakika, lipime kila uvumbuzi kwa swali la wapi kazi yake inafanyika, na litangulize ule unaofanya kazi papo hapo.

Tuanze na kamera. Mwezi Oktoba 1969, katika maabara ya Bell nchini Marekani, Willard Boyle na George Smith walibuni kihisi cha picha kiitwacho CCD, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2009. Mwanga unapogonga silikoni huzifungua elektroni, na penye mwanga mwingi elektroni huwa nyingi. Kihisi kimegawanyika katika vyumba vidogo mno, kila kimoja kikikusanya elektroni zake kama ndoo zilizopangwa uani wakati wa mvua. Mvua ikikatika, maji ya kila ndoo hupimwa na kuandikwa namba. Mpangilio wa namba hizo ndio picha. Mwaka 1975 Steven Sasson wa kampuni ya Kodak aliunda kamera ya kidijitali yenye uzito wa kilo 3.6, iliyopiga picha ya pikseli 10,000 na kutumia sekunde 23 kuiandika kwenye kaseti. Katika miaka ya 1990 Eric Fossum na wenzake wa maabara ya JPL waliendeleza kihisi cha CMOS, kinachotumia umeme mdogo na kubeba saketi zake ndani ya chipu moja. Hicho ndicho kilichoingia kwenye simu. Kila hatua ya safari hiyo ilipunguza uzito, umeme na muda, hadi kazi yote ikakaa kiganjani.

Utiririshaji wa michezo ulizaliwa kutokana na uvumbuzi mwingine, ule wa kubana picha. Mwaka 1974 Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India, pamoja na T. Natarajan na K. R. Rao, walichapisha hesabu iitwayo DCT. Hesabu hiyo hutenganisha mabadiliko makubwa ya picha na yale madogo ambayo jicho halitagundua yakiondolewa. Ndiyo iliyobeba mfumo wa picha wa JPEG mwaka 1992, na hesabu za jamii yake zikabeba mifumo ya video iliyofuata. Bila kubanwa, video yenye pikseli 1,920 kwa 1,080 na fremu 60 kwa sekunde huhitaji karibu gigabiti 3 kila sekunde. Kuifikisha megabiti 20 ni kuipunguza mara 150. Sehemu kubwa ya akiba hiyo hupatikana kwa kutotuma tena kile ambacho hakijabadilika kati ya fremu na fremu. Lakini hapa mchezo una shida ambayo filamu haina. Filamu iliyokwisha kurekodiwa inaweza kubanwa kwa kulinganisha fremu zilizopita na zijazo. Katika mchezo, fremu ijayo bado haipo, kwani inasubiri uamuzi wa mchezaji. Kwa hiyo seva haiwezi kuandaa mzigo mapema na kuuweka akiba. Lazima ichore, ibane na kutuma fremu kila baada ya milisekunde 17 hivi, huku ikingoja habari kutoka mbali.

Umbali huo una namba zake. Kwa mstari ulionyooka, Kasongo iko karibu kilomita 2,400 kutoka Johannesburg na karibu kilomita 6,400 kutoka Paris. Ndani ya nyuzi za kioo mwanga husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda Johannesburg na kurudi ni milisekunde 24, na Paris ni 64, hata kama waya ungenyooka bila kona na bila mtambo wowote njiani. Hakuna waya wa namna hiyo. Ongeza muda wa kuchora, kubana, kufungua na kuonyesha, na mara unafikia milisekunde 100, kiwango ambapo wachezaji wengi wa michezo ya kasi huanza kuhisi kwamba mkono umetangulia macho. Setilaiti za zamani zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta ni tatizo kubwa zaidi, kwa kuwa safari ya amri na jibu huchukua karibu nusu sekunde. Hata kwenye nchi zenye nyaya nyingi biashara ya kutiririsha michezo imewashinda wakubwa. Huduma ya OnLive ilianza mwaka 2010 na kufungwa 2015. Stadia ya Google ilianza Novemba 2019, ikafungwa Januari 2023, na katika uhai wake haikufunguliwa katika nchi yoyote ya Afrika. Biashara mbaya ilichangia, lakini mwendo wa mwanga hauna mhandisi wa kuuongeza.

Sasa tazama kamera inavyofanya kazi katika mazingira yanayofanana na ya Maniema. Dawa ya ivermectin inayotumika kupambana na upofu wa mtoni inaweza kumdhuru vibaya, hata kumuua, mtu mwenye minyoo mingi ya Loa loa katika damu. Katika wilaya ya Okola nchini Kamerun, vifo vilisababisha ugawaji wa dawa usimamishwe mwaka 1999. Mwaka 2015 watafiti, wakiwemo Joseph Kamgno wa Kamerun, Daniel Fletcher wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley na Thomas Nutman wa Marekani, walipeleka huko LoaScope, hadubini ndogo inayotumia kamera ya simu. Tone la damu ya kidole huwekwa kwenye kioo chembamba, simu hurekodi video, na programu hutafuta mtikisiko ambao minyoo husababisha katikati ya chembe za damu. Jibu hupatikana kwa dakika chache. Kati ya watu 16,259 waliopimwa, 15,522 walipewa dawa, na hakuna aliyepata madhara makubwa yaliyotokana nayo. Kulinganisha fremu na fremu ili kuona kilichosogea ni jamaa wa hesabu inayobana video ya mchezo. Tofauti ni kwamba hapa hesabu ilifanyika kwenye kifaa chenyewe kijijini, bila kuomba ruhusa ya seva ya ng'ambo.

Mfano huo unaigusa Kasongo moja kwa moja. Mpango wa Afrika wa kudhibiti upofu wa mtoni, uliofanya kazi kuanzia 1995 hadi 2015, ulikuwa na mradi wa kugawa ivermectin kupitia jamii katika eneo la Kasongo. Uchunguzi uliofanywa zamani katika maeneo ya migodi ya bati ya Maniema ulionyesha kwamba kichocho kilikuwa mzigo mzito, na mayai ya kichocho huonekana kwa hadubini. Wala Kasongo si mgeni katika sayansi. Mwaka 1981 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika hapo kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto wadogo, na wataalamu wa dunia wakaujadili kwa miaka mingi. Mahali palipoweza kufanya kazi hiyo kwa daftari na mguu panaweza kufanya nyingine kwa kamera. Daktari wa mji wa Kindu, ulio zaidi ya kilomita 200 kwa barabara kutoka Kasongo, akitakiwa kuthibitisha picha, picha itamngoja. Itatumwa usiku mtandao ukiwa mwepesi, au itabebwa kwenye kadi ya kumbukumbu mfukoni mwa mwenye pikipiki. Kuchelewa siku moja hakuifuti picha, wakati nusu sekunde inatosha kuua mchezo.

Atakayepinga atasema kwamba setilaiti mpya zimeondoa hoja hii. Setilaiti za Starlink huruka karibu kilomita 550 tu kutoka ardhini, na mwaka 2025 Kongo iliipa kampuni hiyo leseni. Ni kweli, na ni habari njema, kwa sababu safari ya angani imefupishwa kutoka mamia ya milisekunde hadi makumi. Lakini setilaiti hufupisha njia ya kwenda angani. Seva inabaki pale pale ilipojengwa, na gigabaiti 9 kwa saa zinabaki gigabaiti 9. Tena antena hutaka makumi ya wati mfululizo, pamoja na kifaa cha mchezaji, katika mji ambako wengi hutegemea paneli za jua. Antena hiyo hiyo ikiwekwa hospitalini au shuleni itapeleka picha za wagonjwa wa wiki nzima ndani ya dakika chache. Kwa hiyo setilaiti inaitia nguvu hoja yangu kuhusu kipi kitangulie.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: je, huku si kuwaambia vijana wa Kasongo kwamba michezo ni ya watoto wa Paris? Hapana. Mchezo ni haki ya kijana, na kubuni michezo ni kazi yenye heshima. Mchezo uliopakiwa ndani ya simu au konsoli huchezwa bila mtandao, na vijana wawili waliounganisha vifaa vyao chumba kimoja hawadaiwi hata milisekunde moja na Johannesburg. Anayejifunza kupiga picha, kuhariri video na kuandika programu kwenye kompyuta yake anapata ujuzi ule ule ambao utiririshaji umejengwa juu yake. Ninachokataa ni kumfundisha awe mteja wa mashine iliyo mbali, ambayo siku mwenye nayo akiizima, kama Stadia ilivyozimwa, kijana habaki na chochote mkononi.

Wengine hudai kwamba utiririshaji utaipunguzia ardhi mzigo, maana mchezaji hatahitaji konsoli. Maniema, kunakochimbwa kasiteriti na koltani, ina haki ya kulipima dai hili. Bati la kasiteriti huunganisha vipande vya saketi, na tantali ya koltani hutengeneza kapasita ndogo zinazotuliza umeme ndani ya kamera, simu na seva. Bei ya tantali ilipopaa mwaka 2000 wapo waliolaumu konsoli za PlayStation 2, ingawa simu, kompyuta na hofu ya wanunuzi vilichangia pia. Konsoli ikiondoka sebuleni, kazi yake huhamia kwenye seva, na seva nazo zina bati na tantali. Madini yanaendelea kutoka. Kinachohama ni mahali faida inapotua.

Kwa hiyo wito wangu ni kwa wanaopanga fedha za mkoa, wakuu wa hospitali na shule, na wafadhili wanaokuja na miradi ya kidijitali kusini mwa Maniema. Kabla ya kusaini, ulizeni kazi ya mashine itafanyika wapi siku mtandao utakapokatika. Anzeni na hadubini za kamera, kompyuta zinazohifadhi kazi zake ndani, na mafundi wa Kasongo na Kabambare wanaojua kuzitengeneza. Utiririshaji upewe zamu yake siku seva zitakapojengwa karibu na watu hawa.