Sabuni na Chumvi katika Uso wa Maji: Je, Zote "Hufyonzwa"?

Katika kupitia tafsiri za kemia, tumekuta kitenzi "kufyonza" kikitumika kwa mambo mawili yaliyo mbalimbali: sifongo inywapo maji, na sabuni ijikusanyapo katika uso wa maji. Sifongo hupokea maji ndani yake, bali sabuni hubaki usoni. Mwanafunzi aliyepewa neno moja kwa yote mawili hawezi kuitambua tofauti hiyo.

Yafaa kwanza tulieleze jambo lenyewe. Molekuli iliyo ndani ya maji huvutwa na jirani zake kutoka pande zote. Iliyo usoni huvutwa zaidi kuelekea ndani. Ndiyo maana uso una mvutano, na wembe uliolazwa taratibu huelea. Mvutano wa maji safi, katika nyuzi 20 za Selsiasi, ni kama milinyutoni 73 kwa mita. Molekuli ya sabuni ina kichwa kipendacho maji na mkia uyakimbiao; hivyo hujipanga usoni, kichwa majini na mkia hewani. Mvutano huweza kushuka chini ya nusu, na wembe huzama.

Chumvi ya mezani hutenda kinyume. Ayoni zake hushikwa vema zaidi ndani ya maji, nazo huelekea kuuepa uso. Gramu 58 katika lita moja ya mmumunyo huongeza mvutano, lakini kwa chini ya milinyutoni 2 kwa mita. Hata hivyo, tusiandike kwamba ayoni zote huuepa uso: mahesabu ya Jungwirth na Tobias, yaliyochapishwa mwaka 2001, yalionyesha kuwa ayoni kubwa kama ya iodini huweza kufika usoni.

Kwa hiyo tunapendekeza "kufyonza" libaki kwa kile kiingiacho ndani, na "kukusanyika usoni" litumike kwa kibakicho juu. "Kuganda" halifai, kwani tayari lina kazi ya kueleza kimiminika kigeukacho kuwa kigumu. Kipimo alichokieleza Gibbs wa Marekani katika miaka ya 1870 tukiite "ziada ya usoni". Kwa chumvi ya mezani ziada hiyo ni hasi, yaani upungufu. Nazo dutu za jamii ya sabuni tuziite "vipunguza mvutano", maana si zote zilizo sabuni.

Walimu na wafasiri wanaombwa kuyajaribu maneno haya kazini na kutuletea maoni yao kabla hayajasanifiwa.