Freni za gari la zamani: silinda ya vyumba viwili inaokoa watu



Sisi ni maagronomu, si mafundi wa garaje. Lakini mpunga tuliolima pamoja unafika soko la Kisangani juu ya magari ya zamani, na juu ya magunia kuna watu wamepanda. Gari likikosa freni kwenye mteremko wa kivuko cha Banalia, mbele ni mto Aruwimi tu.

Ukikanyaga pedali, silinda kuu inasukuma mafuta ya freni mpaka kwenye magurudumu. Magari mengi ya zamani yana silinda ya chumba kimoja: bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne yanabaki bila freni. Marekani ililazimisha njia mbili kwa magari madogo mapya kuanzia 1968. Silinda ya vyumba viwili inatenganisha mbele na nyuma; njia moja ikikufa, ile ingine bado inashika.

Mkiamua kubadilisha, muangalie haya pamoja na fundi:

1. Mabomba. Chumba kimoja kiende mbele, kingine nyuma. Fundi akiyaunganisha tena pamoja, pesa yenu imeenda bule.

2. Kipenyo. Silinda kubwa zaidi haileti nguvu zaidi. Kutoka milimita 19 kwenda 22, kwa mguu uleule, presha inapungua karibu robo, pedali inakuwa ngumu. Chukueni kipenyo kama cha zamani.

3. Fimbo ya pedali. Iache nafasi kidogo, karibu milimita 1, mbele ya pistoni. Ikibana, freni zinabaki zimeshika na kupata moto.

4. Mafuta. Tieni mafuta ya freni tu. Mafuta ya motere au ya mawese yanavimbisha mipira. Mafuta ya freni yanavuta maji ya hewa, na huku kwetu unyevu ni mwingi: DOT 4 mpya inachemka kwa nyuzi 230 au zaidi, lakini ikishaingia maji inaweza kushuka mpaka 155. Badilisheni kila miaka miwili.

5. Hewa. Itoeni yote. Pedali ikiwa laini kama sponji, hewa bado imo.

Jaribuni kwanza uwanjani, gari likiwa tupu, kisha na mzigo kidogo. Na hiyo pesa ya silinda, iwekeni kwenye bajeti mbele ya mavuno, si nyuma ya ajali.