Kufundisha Maana ya Kufuli: Mfano wa Kiendeshi cha Mtandao

Miongoni mwa mambo ambayo mwalimu wa shule ya msingi hukutana nayo anapofundisha habari za kompyuta, ni machache yaliyo magumu kama lile la kazi mbili zinazoendelea kwa wakati mmoja. Mtoto amezoea kuambiwa kwamba kompyuta hufuata maagizo, moja baada ya jingine. Hilo si uongo, lakini halitoshi. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha jinsi jambo hili linavyoweza kufundishwa kwa ubao, chaki na ufunguo mmoja, hata mahali ambapo kompyuta haipo.

Tumechagua mfano wa kiendeshi cha kadi ya mtandao, yaani ile sehemu ya programu inayozungumza na kifaa cha kupeleka na kupokea habari. Habari hizo hukatwa vipande viitwavyo pakiti. Kiendeshi huandika mahali pakiti zilipo katika orodha ya nafasi zilizopangwa kama duara, na kadi huzichukua kwa zamu. Sasa, kompyuta nyingi za siku hizi zina prosesa kadhaa, na prosesa mbili huweza kutaka kupeleka pakiti kwa wakati ule ule. Zote mbili zikiiona nafasi ya 7 kuwa tupu, zote zitaandika humo. Maandishi ya kwanza yatafutwa na ya pili, na pakiti moja itapotea pasipo yeyote kupewa habari.

Tuingie darasani. Mwalimu aandike 40 ubaoni, kisha awaite wanafunzi wawili, tuseme Asha na Juma. Kila mmoja aisome namba hiyo, arudi dawatini, ajumlishe 1 katika daftari lake, kisha aende kufuta na kuandika jibu. Wakienda pamoja, wote watasoma 40 na wote wataandika 41, ilhali hesabu sahihi ni 42. Ndivyo kompyuta nayo inavyohesabu pakiti zilizopita: husoma, hujumlisha, huandika.

Mwalimu asiwe na haraka ya kutoa dawa. Zoezi lirudiwe mara nyingi, kwa maana mara nyingine Asha atakuwa amemaliza kabla Juma hajaanza, na 42 itapatikana. Hapo watakuwapo watakaosema kwamba kosa limekwisha. Kwa maoni yetu hili ndilo jambo zito kuliko yote katika somo hili, nalo lapasa kupewa muda wa kutosha: jibu sahihi la mara moja halithibitishi kwamba njia iliyotumika ni sahihi. Kosa la namna hii laweza kujificha ndani ya kiendeshi kwa miezi mingi, likajitokeza siku ile mtandao unapolemewa na kazi.

Baada ya hayo, mwalimu aweke ufunguo mezani na kutangaza kanuni: asiye na ufunguo asiguse ubao. Awaulize wanafunzi ufunguo ushikwe lini. Wapo watakaojibu kwamba ushikwe wakati wa kuandika tu. Wasikatazwe, wajaribu. Jibu litakuwa 41 kama kwanza, kwa sababu wote wawili walikwisha kusoma 40 kabla ya kugombea ufunguo. Hauna budi kushikwa tangu kusoma hadi kuandika, bila kuachiwa katikati. Kisha mwalimu amnong'oneze mwanafunzi wa tatu aende ubaoni bila ufunguo. Hakuna kitakachomzuia! Kufuli la programu si kama kufuli la mlangoni. Ni mapatano tu, na kila sehemu ya kiendeshi inayougusa ubao ule sharti iyafuate.

Miongoni mwa walioweka misingi ya fikra hizi ni Edsger Dijkstra, Mholanzi, aliyechapisha maandishi yake mashuhuri juu ya jambo hili mwaka 1965.

Liko tatizo jingine, ambalo kiendeshi hukutana nalo kila siku. Kadi ikimaliza kazi humpigia prosesa kengele, naye huacha lolote alilokuwa akilifanya ili aisikilize. Basi Juma aushike ufunguo, na katikati ya hesabu mwalimu apige kengele. Kazi ya kengele ni kwenda kusubiri ufunguo mezani, kisha kuandika ubaoni, wala Juma haruhusiwi kurudia hesabu yake ya awali mpaka kazi hiyo iishe. Mtoto atacheka, maana ufunguo umo mfukoni mwake. Prosesa haicheki, itasubiri milele ufunguo ambao imeushika yenyewe, na kompyuta itaganda. Kwa hiyo katika Linux, mwandishi wa kiendeshi huzima kengele za prosesa yake kabla ya kushika kufuli la namna hii, na huzirejesha akiliachia. Kwa sababu hiyo hiyo, kazi inayofanywa chini ya kufuli haina budi kuwa fupi, wala haifai kulala humo kungojea jambo jingine.

Wanafunzi wenye akili nyepesi watauliza: kwa nini kusiwe na ufunguo mmoja kwa shule nzima? Swali ni zuri. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds nchini Finland mwaka 1991, ilifanya karibu hivyo katika toleo la 2.0 la mwaka 1996, ilipoanza kutumia prosesa nyingi. Usalama ulipatikana, lakini prosesa zilisubiriana mno. Kufuli lile kubwa liligawanywa kidogo kidogo kuwa madogo, na mabaki yake yaliondolewa mwaka 2011.

Darasa likiwa kubwa, mwalimu aweza kuugawa ubao sehemu nne, kila sehemu na kundi lake na ufunguo wake. Hakuna kundi litakaloingilia hesabu ya jingine, na mwisho wa kipindi mwanafunzi mmoja atajumlisha namba zote nne.