Pampu, dawa ya maji au mashine: pumu ya mtoto na mfuko wa mzazi

Kifua cha mtoto kinabana, usiku kinapiga filimbi, na mshahara bado. Daktari ameshasema ni pumu. Ukifika duka la dawa utaonyeshwa vitu vitatu: chupa ya dawa ya maji ya salbutamoli, pampu ya kuvuta yenye dawa hiyohiyo, na duka likiwa kubwa, mashine ya mvuke. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, chukua pampu.

Najua kwa nini wengi huchukua chupa: ndiyo rahisi kuliko vyote pale kaunta. Lakini piga hesabu ya mwezi. Mtoto anayepewa mililita 5 mara tatu kwa siku humaliza chupa ya mililita 100 kabla wiki haijaisha, kwa hiyo mwezi mzima unataka chupa nne na nusu. Tuseme chupa ni shilingi 3,000: hiyo ni 13,500. Pampu ya kawaida ina mipulizo 200. Tuseme ni shilingi 10,000: kila mpulizo ni shilingi 50, na hata mtoto akipewa miwili mara tatu kwa siku, itavuka mwezi. Weka bei za duka lako, kisha linganisha mwenyewe.

Halafu kuna kiasi cha dawa chenyewe. Mpulizo mmoja ni mikrogramu 100. Mililita 5 za dawa ya maji kwa kawaida zina miligramu 2, yaani sawa na mipulizo 20, na dawa hiyo hupita tumboni na kuzunguka mwili mzima kabla ya kufika kifuani. Ndiyo maana mtoto hutetemeka mikono, moyo ukamwenda mbio na usingizi ukapaa. Unalipia dawa nyingi, inachelewa kufanya kazi, na madhara ni juu yako. Vidonge vya aminofilini ni rahisi zaidi, lakini kati ya kiasi kinachosaidia na kile kinachodhuru pana nafasi ndogo mno. Usijinunulie.

Pampu nayo ina gharama ambayo muuzaji huwa haitaji: mtoto hawezi kuivuta peke yake. Ukimpulizia moja kwa moja mdomoni, sehemu kubwa ya dawa huishia kwenye ulimi na koo. Anahitaji chemba ya kupitishia dawa, ile wanayoiita spesa, na ya dukani mara nyingine huwa ghali kuliko pampu yenyewe.

Hapo ndipo chupa tupu ya maji ya nusu lita inapookoa fedha. Mwaka 1999 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Heather Zar na wenzake wa Cape Town: chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitakoni na kuzibwa vizuri kuizunguka pampu, iliwasaidia watoto wenye pumu sawa na spesa ya kiwandani. Kikombe cha plastiki nyepesi kilikuwa hafifu, na chupa isiyozibwa pia haikufikia ile iliyozibwa. Kwa hiyo kazi iko kwenye tundu. Lipime kwa umbo la mdomo wa pampu, litoboe kwa waya uliopashwa moto, kisha ziba kwa gundi au plasta hadi hewa isipenye.

Ioshe kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa, plastiki hupata chaji ya umeme na kunasa dawa. Tikisa pampu, bonyeza mara moja, mtoto avute pumzi tano polepole kupitia shingo ya chupa, ndipo ubonyeze tena. Kubonyeza mara nne kwa mpigo ni kumwaga fedha. Kwa mtoto wa chini ya miaka minne hivi, nunua spesa yenye maski. Hapo usibane matumizi.

Mashine ya mvuke? Kwa nyumba nyingi, hapana. Bei yake inanunua pampu kadhaa, kisha kuna dawa yake maalumu, kikombe na maski za kubadilisha, na umeme. Ukikatika usiku, una sanduku tu. Na bado hulipii tiba bora: tathmini ya Cochrane iliyokusanya tafiti nyingi ilikuta kwamba watoto waliotumia pampu na spesa walikaa muda mfupi zaidi chumba cha dharura kuliko waliowekwa mashine.

Sasa gharama inayokera zaidi: pampu ya pili. Salbutamoli hufungua kifua kwa saa chache, lakini haitibu uvimbe ulio ndani ya njia za hewa. Mtoto anayebanwa mara kwa mara anahitaji pampu ya kinga, yenye budesonaidi au beklometasoni, kila siku hata akiwa mzima. Wazazi huiacha kwa sababu hawaoni ikifanya kazi. Lakini kulazwa mara moja tu, pamoja na nauli, kitanda na kibarua ulichokosa, humeza bei yake. Mpulizo mmoja asubuhi na mmoja jioni, pampu ya mipulizo 200 inakaa siku 100. Asukutue mdomo baada ya kuvuta. Usitegemee rangi ya pampu, soma jina la dawa.

Pampu nyingi hazina kihesabio, na gesi huendelea kutoka hata dawa ikishaisha. Kuielesha majini hakukuambii kitu. Andika tarehe ya kuianza juu yake na uhesabu.

Dawa za kikohozi, acha. Antibiotiki kila kifua kinapolia, acha pia, isipokuwa daktari ameona nimonia. Picha ya eksirei haithibitishi pumu. Lipia pale daktari anaposhuku kitu kingine, kwa mfano TB, au karanga iliyompalia ghafla na kukwama upande mmoja wa kifua.

Mbavu zikiingia ndani, midomo ikibadilika rangi, mtoto akishindwa kunywa au kuongea, usipige hesabu tena. Mpe pampu huku mkielekea hospitali.

Na kama mtoto hutoka jasho akinyonya, haongezeki uzito au midomo ina ubluu wa kila siku, usiendelee kununua pampu. Huenda ni moyo, na fedha yako iende kwenye kipimo cha eko, yaani picha ya moyo. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, hupima na kupasua watoto, na madaktari wake hufanya pia kambi mikoani. Kabla ya kukata tiketi ya basi, uliza hospitali ya mkoa kama wanatarajiwa karibuni, na kama bima yako inalipia eko.