Baba Naye Ametoa Nusu

"Kwetu hakuna mtu wa hivi." Mtoto mwenye ualbino akizaliwa, neno hilo halikawii kusikika, na mara nyingi hutoka upande wa baba. Mama hukaa kimya, mtoto kamfunika kanga. Ziko ndoa zilizovunjika hapo hapo, kwa kosa ambalo mama hakulitenda.

Ualbino wa ngozi na macho, ulioenea zaidi kwetu, hautoki kwa mzazi mmoja. Mtoto hupokea nakala mbili za jeni inayohusika, moja ya mama, moja ya baba, na huupata pale tu zote mbili zinapokuwa na hitilafu. Mwenye nakala moja mbovu ana rangi yake kama wengine, na anaweza kuirithisha vizazi na vizazi bila kujua. Kwa hiyo "kwetu hakuna" haithibitishi lolote. Watu wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4, na kura hupigwa upya kila mara.

Afrika Mashariki jeni inayoongoza ni OCA2, iliyoko kwenye kromosomu ya 15. Wengi hudhani ngozi hii haina seli za rangi. Inazo, tena za kutosha. Tatizo liko kwenye vifuko vidogo ndani ya seli hizo, ambamo melanini hupikwa: asidi huzidi, kimeng'enya kikashindwa kazi. Jiko lipo, kuni mbichi. Rangi kidogo hutoka, ndiyo maana nywele huwa za manjano, si nyeupe pe.

Melanini hukaa juu ya kiini cha seli kama pakacha kichwani, ikizuia mionzi ya jua isiharibu vinasaba. Ikipungua, saratani ya ngozi hupata mlango. Lakini mlango si mgeni. Jeni hurithiwa, saratani huletwa na jua la kila siku. Mtoto anayelelewa Norway na mwenzake anayechunga ng'ombe Shinyanga wanaweza kuwa na ualbino sawa, hatari zao zikapishana mbali.

Tazama masikio, kisogo na mdomo wa chini. Ngozi hukauka, huwa na magamba, kisha kidonda. Kisichopona kwa mwezi si cha kupaka dawa ya dukani. Kipelekwe hospitali mapema, kikiwa bado kidogo cha kukatwa kikaisha. Mafuta ya mgando hulainisha tu, hayakingi jua. Yanayokinga yapo, na hata Moshi, pale hospitali ya KCMC, yamekuwa yakitengenezwa kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kapelo nayo huacha masikio na shingo wazi.

Basi baba, kabla hujauliza ni ukoo wa nani, nunua kofia yenye ukingo mpana na shati la mikono mirefu. Mtoto avae tangu anapoanza kutambaa nje.